Darasa la Tawi: Hesabu ya Uwiano na Karatasi ya Malipo



Katika toleo hili tunaleta somo la hesabu. Tunajua wapo watakaofunua ukurasa upesi kutafuta habari nyingine. Wengi wetu tuliachana na hesabu darasa la saba, pamoja na viboko vyake, wala hatukudhani kwamba ingetufuata hadi kwenye mistari ya chai. Tunaomba msifunue kwanza. Somo hili linatokana na kosa lililofanywa na viongozi wenu, yaani sisi wenyewe tunaoandika, mbele ya meza ya mwajiri, tukiwa na kalamu mkononi na akili zetu timamu.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika shamba moja la chai huku magharibi mwa Uganda, mchumaji alikuwa analipwa kwa kipande, kama ilivyo kawaida. Kwa wasiofanya kazi ya chai, kipande ni kilo za majani mabichi unazotakiwa kufikisha mizani kwa siku, na malipo ya siku yamefungwa hapo. Ukipungukiwa, unalipwa kwa kilo ulizoleta. Kipande kilikuwa kilo 30 na malipo yake shilingi 3,000. (Tarakimu tumezirahisisha ili ziingie darasani, ila uwiano wake ndio huo huo.) Tulidai nyongeza. Baada ya mikutano mitatu mwajiri alikubali. Ukurasa wa kwanza wa mapatano ulisema malipo yatapanda kutoka shilingi 3,000 hadi 3,600. Ukurasa wa pili ulisema kwamba, kwa kuwa mbolea imeongezwa na michai inazaa vizuri, kipande kitatoka kilo 30 hadi kilo 40.

Tulijadili kilo hizo kumi nje, chini ya mti, kwa muda wa sigara moja. Tukaambizana: kilo zimeongezeka kumi tu, lakini shilingi zimeongezeka mia sita. Ndugu, msicheke. Hivyo ndivyo tulivyofikiri, watu wazima watano. Tukarudi ndani, tukatia sahihi.

Jumamosi ile tuliwaita wanachama kwenye banda la mizani tukawasomea. Watu walipiga makofi. Kisha mama mmoja, ambaye jioni huuza nyanya kambini, akasimama akauliza: "Ndugu viongozi, sasa kilo kumi mmeziuza bei gani?" Tukatazamana. Yeye akaendelea, akihesabu kwa vidole vya mkono mmoja: "Mwanzo kilo thelathini ni elfu tatu. Basi kumi ni elfu moja. Sasa arobaini ni elfu tatu na mia sita. Ishirini ni elfu moja na mia nane. Kumi ni mia tisa. Mmenipunguzia mia kwenye kila kilo kumi, na mimi nimeshapiga makofi."

Hakuna aliyepiga makofi tena. Mtu aliyekuwa analeta kilo 30 zake na kupata 3,000, akileta kilo 30 zile zile sasa angepata 2,700. Na anayefikisha 40, kwa bei ya zamani angepata 4,000, lakini sasa anapata 3,600. Shilingi 400 kwa siku. Kwa siku 24 za kazi katika mwezi ni 9,600, na mapatano yale yalikuwa ya miaka miwili, basi ni 230,400 kwa mtu mmoja. Mkiwa wachumaji 100, ni milioni 23 na elfu 40. Fedha hizo zilitoka mifukoni mwa wanachama kwa sahihi zetu, na katika karatasi zinaitwa nyongeza.

Tunaeleza haya kwa kirefu kwa sababu katika nchi hii mapatano ya chama na mwajiri ndiyo ukuta wenyewe. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na mswada wa kima kipya uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukupata sahihi ya Rais. Kwa hiyo mchumaji hana tarakimu ya serikali ya kujikinga nayo. Kinachomkinga ni tarakimu tunazoandika sisi, na tukiandika vibaya, amevuliwa koti wakati wa mvua.

WANACHOJUA TAYARI

Baada ya aibu ile tuliamua kufundisha uwiano katika matawi. Uwiano ni uhusiano wa vitu viwili vinavyokwenda pamoja: kilo na shilingi, lita na dawa, watu na siku. Kimoja kikizidishwa mara mbili, kingine nacho kinazidishwa mara mbili. Kimoja kikikatwa nusu, kingine nacho kinakatwa nusu. Ni hayo tu. Lakini tulipoanza kufundisha tulianza vibaya. Tulianza kama tulivyofundishwa shuleni: andika herufi mahali pa namba isiyojulikana, zidisha kwa msalaba, gawanya. Jioni ya kwanza walikuja wengi. Jioni ya pili walikuja wanne, na wawili kati yao walikuwa wanasubiri mvua ipite.

Rafiki yetu mmoja, mwalimu wa shule, ndiye aliyetufungua macho. Alitusimulia habari za mji wa Recife, nchini Brazil. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya na watoto watano wanaouza vitu barabarani na sokoni. Kwanza walikwenda kama wanunuzi, wakawauliza watoto bei. Nazi moja ni 35, nazi kumi je? Mtoto mmoja wa miaka 12 alihesabu kwa mafungu ya nazi tatu: tatu ni 105, tatu nyingine inakuwa 210, tatu nyingine 315, na moja, basi 350. Huko barabarani watoto walipata karibu maswali yote, kama 98 katika mia. Baadaye watafiti wakawapa hesabu zile zile zimeandikwa karatasini kama za shule, bila nazi. Wakapata kama 37 tu katika mia.

Tulipoyasikia hayo tulimkumbuka yule mama wa nyanya. Alifanya vile vile kama mtoto wa nazi, wala hakuzidisha kwa msalaba. Alishika fungu analolijua, kilo kumi, akalipandisha na kulishusha. Nasi tuliokuwa na karatasi na kalamu ndio tulioshindwa.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu wa tawi, usianze na kanuni. Anza na kitu ambacho mwanafunzi wako hukinunua au hukiuza. Uliza: sukari nusu kilo ni kiasi gani kambini leo? Robo je? Kilo mbili na nusu? Atajibu kabla hujamaliza swali. Mwache aeleze amefikaje, na mwenzake aliyefika kwa njia nyingine naye aeleze. Wewe andika ubaoni, au kwenye mchanga, yale wanayosema, katika safu mbili: kushoto kilo, kulia shilingi. Safu hizo mbili ndizo somo lenyewe. Kisha tia kilo za majani mahali pa sukari, na malipo mahali pa bei.

KUONGEZA MAHALI PA KUZIDISHA

Kosa tulilofanya chini ya mti ni kosa la kawaida, nalo lina sura yake. Mtu huangalia tofauti badala ya mara ngapi. Shilingi zimepanda 600, kilo zimepanda 10, basi 600 ni kubwa. Lakini 600 inatoka katika 3,000, ni sehemu moja ya tano. Na 10 inatoka katika 30, ni sehemu moja ya tatu. Kazi ilipanda kwa theluthi, malipo kwa humusi. Ukiyaweka hivyo, hata mtoto anaona nani ameshinda.

Tuna zoezi tunalolitumia kuonyesha kosa hili, nalo ni la wapulizaji wa dawa. Karatasi ya dawa inasema mililita 100 kwa pampu ya lita 20. Stoo wamekupa pampu ya lita 15. Utatia dawa kiasi gani? (Namba hizi ni za darasani, shambani fuata karatasi iliyobandikwa kwenye chupa.) Mara ya kwanza tulipouliza, zaidi ya nusu ya darasa walisema 95. Pampu imepungua lita 5, basi dawa nayo ipungue 5.

Usimwambie mtu wa 95 kwamba amekosea. Mwambie aendelee. Je, pampu ya lita 10? Kwa njia yake ni 90. Pampu ya lita 5? Ni 85. Na pampu isiyo na maji kabisa? Ni 80. Hapo darasa litacheka, naye atacheka pia, kwa maana hakuna anayebeba mgongoni mililita 80 za dawa bila tone la maji. Kisha mrudishe kwenye safu mbili: lita 20 ni 100, lita 10 ni 50, lita 5 ni 25. Lita 15 ni kumi na tano, yaani 50 na 25. Ni 75.

Tofauti ya 95 na 75 si ndogo. Mpulizaji anayetia 95 katika pampu ya 15 anapuliza dawa kali kupita kiasi kwa zaidi ya robo, na dawa hiyo inamrudia usoni, miguuni, na kwenye nguo anazofua mke wake. Katika darasa moja kijana aliyekuwa amepuliza miaka mitatu alinyamaza jioni nzima baada ya zoezi hili. Hatukumuuliza.

KILA MOJA NI KIASI GANI?

Darasa likishazoea kupandisha na kushusha mafungu, ndipo uwafundishe kutafuta moja. Kilo moja ni shilingi ngapi? Lita moja ni mililita ngapi? Ukiijua moja, unajua zote. Katika mapatano ya zamani kilo moja ilikuwa shilingi 100. Katika yale mapya, 90. Ulinganisho umekwisha, na hauhitaji ukurasa wa pili.

Siku hizi kila simu ina kikokotoo, na vijana huuliza kwa nini tunajitesa. Tunawajibu kwamba kikokotoo kitagawanya chochote utakachokiambia kigawanye. Ukigawanya 3,600 kwa 40 kitakupa 90. Ukigawanya 40 kwa 3,600 kitakupa namba ndefu yenye sifuri mbele, wala hakitasema umekosea. Kabla ya kubonyeza, sema kwa mdomo unatafuta nini: "shilingi kwa kila kilo". Neno linalotajwa kwanza ndilo linalogawanywa. Kanuni hiyo ndogo imesaidia watu wengi kuliko msalaba.

Na huo msalaba? Ufundishwe mwisho, kwa wanaotaka. Ni njia fupi ya mtu anayejua anakokwenda.

KAPU LA MIZANI: MAHALI UWIANO UNAPOVUNJIKA

Sasa tunafika mahali pagumu, tunaomba mwalimu apachukulie jioni mbili. Mtu akishajua uwiano hupenda kuutia kila mahali. Watu wawili wakitembea kutoka kambini hadi kiwandani hutumia saa moja. Watu wanne je? Tumesikia wakijibu saa mbili, na tumesikia wakijibu nusu saa. Ni saa moja ile ile. Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote kuna swali la kwanza: je, vitu hivi viwili vinakwenda pamoja kweli? Nikizidisha hiki mara mbili, kile kitazidi mara mbili?

Chukua makato ya mizani. Katika mashamba mengi karani hukata kilo moja kila anapopima kapu, kwa maelezo kwamba ni uzito wa kapu na umande wa majani. Kilo moja kwa wote. Inaonekana ni haki, kwa kuwa kila mtu anakatwa sawa. Tuliwahi kuikubali sisi wenyewe.

Lakini hebu tupime. Kijana mwenye nguvu analeta makapu matatu ya kilo 20. Jumla ni kilo 60, anakatwa 3, anabaki na 57. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kubeba 20. Analeta makapu sita ya kilo 10. Jumla ni kilo 60 zile zile, anakatwa 6, anabaki na 54. Kwa shilingi 90 kwa kilo, kijana amepoteza 270, mama amepoteza 540. Chai ni ile ile na kilo ni zile zile. Yeye anakatwa mara mbili kwa sababu ametembea mara mbili.

Hapa ndipo darasa hupamba moto, na mwalimu asiwakatize. Waulize: kapu lenyewe, uzito wake unakwenda pamoja na nini? Unakwenda na idadi ya kupima. Kila kapu likipanda mizani, linapanda na uzito wake. Kulitoa ni halali, mradi tulipime kapu tupu tujue ni gramu ngapi, si kukisia kilo nzima. Na umande je? Umande uko juu ya majani. Majani yakiwa mengi, maji ni mengi. Yakiwa machache, maji ni machache. Basi umande ukatwe kwa sehemu ya kilo, kwa mfano kilo 5 katika kila 100 asubuhi ya mvua, na mchana wa jua usikatwe kabisa. Vitu viwili vyenye tabia mbili vimefungwa katika kilo moja, na anayelipia mafungu hayo ni mtu dhaifu kuliko wote mstarini.

Kuna na jambo la vipande vya kilo. Karani akiona kilo 10 na gramu 800 anaandika 10. Hilo nalo linakwenda na idadi ya kupima. Anayepima mara tatu anaibiwa vipande vitatu, anayepima mara sita anaibiwa sita. Hatusemi kila karani ana nia mbaya. Wengine wamechoka tu, na mstari ni mrefu. Lakini daftari halijui kuchoka, linaandika 10.

Tangu tuanze somo hili, matawi mawili yamedai kapu tupu lipimwe mbele ya mjumbe wa chama. Tawi moja limekubaliwa.

KINACHOPUNGUA KINGINE KIKIONGEZEKA

Upo uwiano wa kinyume, nao tunaupitia haraka kwa kuwa watu wa palizi wanaujua kwa mgongo. Shamba linalopaliliwa na watu 12 kwa siku 6, watu 8 watalipalilia kwa siku ngapi? Hesabu kazi yote kwanza: 12 mara 6 ni siku 72 za mtu mmoja. Zigawe kwa 8, ni siku 9. Nyapara anapowapunguza watu wanne na kusema palizi iishe siku zile zile 6, maana yake kila mmoja aliyebaki anafanya kazi ya mtu mmoja na nusu. Mwandikieni hivyo kwenye barua. Neno "tumezidiwa" hujibiwa kwa maneno, lakini "mtu mmoja na nusu" hujibiwa kwa namba.

ASILIMIA YA NINI?

Asilimia ni uwiano uliovaa suti. Ni sehemu katika mia, basi. Hatari yake ni kwamba watu husahau kuuliza mia ya nini. Mwaka wa shida mwajiri alipunguza malipo kwa asilimia 10, na mwaka uliofuata akatangaza kwamba amerudisha asilimia 10. Wanachama wakadhani wamerudi walipokuwa. Aliyekuwa na 100 alishuka hadi 90. Asilimia 10 ya 90 ni 9. Amerudi 99. Kila mara anayeshuka na kupanda kwa asilimia ile ile hubaki chini kidogo, na kidogo hicho hubaki kwa mwajiri.

Vile vile usitoe asilimia moja katika nyingine. Katika mapatano yetu mabaya malipo yalipanda kwa asilimia 20 na kazi kwa asilimia 33 na ushei. Mjumbe mmoja alitoa, akasema tumepoteza asilimia 13. Si hivyo. Kutoka 100 kwa kilo hadi 90 ni asilimia 10. Ukitaka ukweli, rudi kwenye kila moja.

Liko na swali lisilo la hesabu. Mchumaji anapata 3,000 kwa siku, nyapara 9,000. Nyongeza ya asilimia 10 itampa mchumaji 300 na nyapara 900. Uwiano wao unabaki moja kwa tatu, lakini pengo la fedha limetoka 6,000 hadi 6,600. Nyongeza ya shilingi 500 kwa kila mmoja inaacha pengo lile lile la 6,000, na uwiano unashuka chini ya moja kwa tatu. Ipi ni haki? Kalamu haiwezi kujibu. Sisi tunapenda nyongeza sawa kwa wote wakati bei za unga zinapopanda, kwa sababu unga hauulizi cheo, lakini wapo wanachama wenye ufundi wanaotupinga, nao wana hoja. Muhimu ni kwamba mkutano ujue unachopigia kura.

Wengine wameuliza kama tunaweza kuhesabu kutoka jani hadi mnadani. Inawezekana kwa makadirio. Kilo 4 na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, kwa kuwa sehemu kubwa ya jani ni maji. Basi kilo 90 za majani ni kama kilo 20 za chai. Chai nyingi ya Uganda huuzwa katika mnada wa Mombasa, na bei hutajwa kwa dola za Marekani kwa kilo. Mzidishe, mbadilishe kuwa shilingi, mtaona tarakimu kubwa. Lakini msikimbie nayo kwa mwajiri mkisema yote ni yenu. Ndani yake kuna kuni za kukaushia, umeme, magari, mashine na mbolea. Itumieni kwa jambo moja: bei ya mnada ikipanda kwa sehemu fulani, ulizeni bei ya kilo yenu imepanda kwa sehemu gani. Na mjiandae, kwa sababu ikishuka nao watawauliza.

MASWALI YA DARASA

Mapatano yale ya aibu yalipokwisha tulirudi mezani. Tulipata kipande cha kilo 36 kwa shilingi 3,600. Hesabuni wenyewe kila kilo ni kiasi gani, mtaona kwamba baada ya miaka miwili tulikuwa tumefika pale tulipoanzia. Mwajiri alilitaja hilo katika hotuba kama nyongeza ya pili.

Sasa majadiliano mapya yako mbele yetu, na safari hii hatutatia sahihi kabla matawi hayajahesabu. Pendekezo la mwajiri ni hili: malipo ya siku yapande kutoka 3,600 hadi 4,500, kipande kiwe kilo 48, na makato ya mizani yawe kilo moja na nusu kwa kila kapu badala ya kilo moja. Kila darasa litafute: kilo moja itakuwa shilingi ngapi? Kipande kingekuwa kilo ngapi ili malipo ya 4,500 yasitushushe hata senti? Mchumaji anayeleta makapu matatu ya kilo 20 atapokea kiasi gani kwa mpango wa sasa, na kiasi gani kwa mpango mpya? Na yule wa makapu sita ya kilo 10? Fanyeni kwa safu mbili, kwa vidole, kwa simu, mpendavyo, ila kila jibu liwe limekubaliwa na watu wasiopungua watatu waliolifikia kila mmoja kwa njia yake.

Katibu wa tawi aandike majibu na kuyaleta ofisini pamoja na karatasi tano za malipo za mwezi uliopita. Kama yupo karani wa mizani ambaye ni mwanachama, naye aje. Mama wa nyanya tumemwomba akae upande wetu wa meza.